Uzito Wetu Nyuma ya Pikapu

Mnunuzi wa boti alinipigia simu nikiwa nimeinama juu ya sufuria za matanga. Zilikuwa za kuazima, nyingine za kanisa, nyingine za majirani, na kila moja ilikuwa na masizi yake yasiyotaka kutoka. Nikaibana simu kati ya bega na sikio, mikono imejaa povu, nikamsikiliza. Hakuuliza boti imetumika kwa muda gani wala injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Madam, niko na pikapu ndogo hapa, hizi za kawaida. Itavuta hiyo boti ama nitafute kubwa?"

Nikaiachia sufuria izame kwenye povu. Nilikuwa nimechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umeisha. Nilikuwa nimepika, nimepokea wageni, nimewashukuru watu nisiowajua, nimemzika baba yangu. Alikuwa amelala shambani Kabazi chini ya udongo ambao bado haujashikana, na sasa mtu baki ananiuliza swali ambalo Baba mwenyewe aliishi nalo nyumbani kwetu msimu mzima, hadi sisi watoto tukalijua kama tulivyojua sala ya chakula. Boti hii inataka pikapu ya ukubwa gani?

"Tafuta kubwa," nikamwambia. "Tena nzito. Usiangalie inabeba nini. Angalia yenyewe iko na uzito gani ikiwa tupu."

"Sawa madam," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hatatafuta kubwa.

Kama ulikulia mtaa wa Bondeni, Nakuru, wakati wetu, huenda mama yako aliwahi kuanika nguo kwenye boti yetu. Ilikaa katikati ya nyumba za kaunsili, juu ya trela, mbali na maji yoyote ya kuelea boti. Ziwa letu la karibu lilikuwa la ndege na watalii. Kwa hiyo boti ya Bondeni ilikuwa kituko. Kuku walitaga ndani yake, wanawake walifunga kamba ya nguo kutoka pua yake hadi kwenye dirisha letu, na watoto walicheza humo safari za kwenda Amerika. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Siku moja alienda Naivasha kuchomelea geti la hoteli, akarudi na boti ndogo ya faiba ambayo mwenye hoteli alikuwa hana haja nayo tena. Mama alisimulia kisa hicho maisha yake yote kwa sentensi moja: "Mwanaume ametoka na mashine ya kuchomelea, amerudi na boti."

Boti yenyewe ilikuwa ya kazi. Kila Jumamosi Baba aliivuta hadi Naivasha akawatembeza wageni kuona viboko, wengi wao watu wa makanisa na shule, wenye sauti kubwa wakiwa nchi kavu na kimya kabisa wakishaingia majini. Kuiacha kule ziwani hakukuwezekana. Mwenzake mmoja aliwahi kuiacha yake juma moja tu, akakuta imebaki kamba. Ndiyo maana kila Jumamosi boti ilikwenda na kila Jumamosi ilirudi, na iliyobeba shida hiyo yote ilikuwa pikapu.

Pikapu ilikuwa ndogo, nyeupe iliyochoka, na kusema kweli ilikuwa ya Mama. Siku za kazi ilimletea viazi kutoka Kabazi hadi kibandani kwake sokoni Nakuru. Ilinuka udongo na magunia. Jumamosi asubuhi Baba aliifagia, akaifunga trela nyuma, na hapo ugomvi wa kila juma ukaanza. Mama alitutaka mimi na mdogo wangu Kamau sokoni, tumsaidie kuchagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyokatwa na jembe kando. Baba alitutaka ziwani.

"Hawa nikiwakosa soko nitafanya nini?" Mama aliuliza. "Leo ndio watu wananunua."

"Mama Shiro, bila hawa sitoki kwa maji," Baba alijibu. "Hii gari ikiwa tupu nyuma, magurudumu inazunguka tu. Nahitaji uzito."

Mama hakujua mambo ya magurudumu, kwa hiyo alishindwa. Tukaingia mbele, watu watatu kwenye kiti cha wawili, Kamau katikati, miguu kando ya gia. Kuanzia Bondeni mpaka Naivasha Baba alipiga stori. Alitusimulia kiboko aliyejifunza kubisha hodi, na mzungu aliyeng'ang'ania kuvua samaki kwa soseji. Kamau alilala kabla hatujafika Gilgil. Mimi nilibaki na Baba nikimuuliza maswali, na sikumbuki hata siku moja aliponiambia ninyamaze.

Kazi yetu ilikuja alasiri, kabla upepo wa ziwani haujaanza kupandisha mawimbi. Baba aliirudisha pikapu nyuma kwenye mteremko wa bichi mpaka trela ikazama. Akaingia majini, akaivuta boti kwa mkono mmoja, polepole, ikaja yenyewe na kukaa juu ya trela. Akafunga kamba. Kisha akageuka, maji yakimchuruzika, akaita, "Uzito!"

Tulipanda nyuma ya pikapu mbio. Mimi nilikaa upande wa kulia, juu ya gurudumu, Kamau kushoto. Tulishika bodi, ukingo wa pikapu, kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa.

"Uzito uko tayari?"

"Tayari!"

Pikapu ikanguruma, magurudumu yakateleza kidogo, yakashika, na boti ikatoka majini ikimwaga maji pande zote. Wavuvi walipiga makofi kutuchekesha. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliamini kabisa kwamba bila mimi boti ile ingebaki humo ndani milele. Uzito wetu sisi wawili haukufika nusu gunia la viazi, lakini nani angemwambia hivyo mtoto aliyeitwa kwa jina la kazi yake mbele ya watu?

Lilikuwepo jambo moja lililonitatiza. Ndani ya maji niliweza kuisukuma boti kwa kidole. Nilijaribu, ikaenda. Sasa kwa nini ikitoka nje ilikuwa nzito hadi pikapu ikalia? Nilifikiri sana nikapata jibu: boti haikutaka kurudi nyumbani. Kamau alifanya hivyo hivyo tukimwondoa kwenye bembea. Alilegea mwili wote, akawa mzito mara mbili, tukambeba kama gunia lililolowa. Niliielewa boti. Hata mimi sikutaka kurudi Bondeni.

Kisha Baba akanunua boti nyingine. Hii ilikuwa na tumbo la chuma na mabenchi, ya kubeba darasa zima la Sunday school. Akatengeneza trela mpya kwa mikono yake. Boti ilipofika mtaani, wanaume wa Bondeni walikuja kuipima kwa njia waliyoijua. Walijipanga, wakashika pua ya trela, wakainua, wakaiachia, wakapanguza mikono. Mmoja akasema ni magunia kumi. Mwingine akasema kumi na mawili. Huko kwetu kila kitu kizito kilipimwa kwa magunia ya viazi, au waru kama tulivyoviita, hata mawe ya msingi, hata bibi harusi aliyenenepa.

"Hiyo pikapu imetoa waru Kabazi ikiwa imejaa mpaka juu ya bodi," alisema Anko Njoro, kaka yake Mama, dereva wa malori aliyekuwa na jibu la kila kitu. "Imepanda mlima ya Subukia bila kutapika. Sasa boti ni nini?"

Watu wote walikubali. Hesabu ilikuwa wazi: magunia ni magunia. Hakuna aliyefikiri kwamba magunia ya Kabazi yalikaa juu ya magurudumu yakiyakandamiza chini, na boti inakaa nyuma kabisa ikiivuta pikapu kuelekea kwenye maji. Hata Baba hakuwa na hakika. Nilimsikia jikoni akimwambia Mama, "Ile gari ni nyepesi sana huko nyuma. Labda tutafute kubwa kidogo." Mama akamuuliza kubwa kiasi gani, na itabeba viazi vyake au itabeba boti tu. Wakaendelea hivyo jioni baada ya jioni, pikapu ndogo, pikapu ya wastani, pikapu kubwa, hadi chai ikapoa.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia niliyoyasikia. Nyuma ni nyepesi. Na huko nyuma kulikuwa na nani? Mimi na Kamau. Likija gari zito lisilohitaji watu nyuma, Jumamosi zangu zimekwisha. Nitakaa sokoni kuchagua viazi hadi nizeeke.

Nikaanza kula. Nilikula ugali wangu, nikala alioubakisha Kamau, nikaomba tena. Nilikula viazi vilivyochemshwa, kimoja baada ya kingine, bila chumvi. Mama akanitazama kwa wasiwasi, kisha akaninywesha dawa ya minyoo. Sokoni nilijining'iniza kwenye mizani yake ya ndoano, ile ya kupimia magunia, nikamwambia Kamau asome mshale. Akasema mshale haujasogea. Nikamwambia hajui kusoma.

Wakati nilipoona chakula kinachelewa, nikageukia vyuma. Karakana ya Baba ilikuwa imejaa vipande alivyokata kwenye mageti na grili za madirisha. Jumamosi ile ya kwanza ya boti kubwa nilivijaza mifukoni mwa sweta na ndani ya magambuti yangu, viatu vyangu vya mvua. Nilitembea kama bata. Baba akadhani magambuti yananibana, akaahidi kuninunulia mengine.

Mvua ilikuwa imenyesha Naivasha na mteremko ulikuwa tope tupu. Asubuhi boti iliingia majini vizuri, kwani kuteremka hakuna kazi. Darasa la Sunday school likatembezwa, likaona viboko wake, likaenda zake. Alasiri upepo ukaanza. Baba akafunga kamba, akageuka. Safari hii hakupiga kelele.

"Uzito," akasema.

Tukapanda. "Tayari!"

Nakumbuka harufu kabla ya kitu kingine chochote. Klachi ikiungua ina harufu kali inayokaa kooni, na hadi leo nikiisikia barabarani mikono yangu hutafuta mahali pa kushika. Magurudumu yalizunguka yakiturushia tope mgongoni. Pikapu ikasogea mbele kidogo, ikasimama, ikatetemeka. Kisha ikaanza kurudi. Haikurudi kwa kasi. Ilirudi taratibu, kwa uhakika, boti ikituvuta kwa mgongo kuingia ziwani.

"Rukeni!" Baba alipiga kelele dirishani. "Kamau, ruka! Shiro, ruka!"

Kamau akaruka akaanguka kwenye tope. Mimi nilishika bodi kwa nguvu zaidi. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani na ilikuwa rahisi: nikiruka, nyuma itabaki nyepesi, na Baba yuko ndani.

"Ruka, Shiro!"

"Siruki! Nikiruka utaenda na maji!"

Wavuvi walikuja mbio. Mzee Otieno, aliyekuwa akitunza bichi ile na kushona nyavu za watu, alibeba gogo mwenyewe na kulitupa nyuma ya gurudumu. Pikapu ikapanda juu yake, ikayumba, ikasimama. Maji yalikuwa yameshafika kwenye magambuti yangu. Baba akatoka, akaja huku maji yakimfika kiunoni, akanishika chini ya kwapa ili aninyanyue. Akashindwa mara ya kwanza. Aliponiinua, vyuma vikaanza kudondoka kutoka mifukoni mwangu, kimoja kimoja.

Alinibeba hadi nchi kavu akanivua magambuti. Vikamwagika vingine. Akaokota kipande kimoja, akakigeuza mkononi, na nikajua amekitambua, maana kilikuwa cha geti la kanisa. Kisha akakaa chini kwenye tope lile lile akiwa amekishika. Nikadhani amekasirika kwa sababu ya chuma cha watu.

"Nitakirudisha, Baba," nikamwambia.

Nyumbani Kamau alieleza kila kitu kabla hajavua viatu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha kuliko kelele.

"Baba Shiro, watoto wangu hawarudi kwa hiyo maji," akasema. "Leta gari kubwa, leta ndogo, leta ndege. Hawarudi."

Nikamtazama Baba nikingoja aseme maneno yake, kwamba bila sisi hatoki kwenye maji. Aliangalia kikombe chake. Nikangoja. Hakusema.

Baada ya hapo swali la pikapu halikuwa tena la jikoni. Anko Njoro alijua mtu wa Salgaa anayeuza magari yaliyotumika, na kwa kuwa nililia nikakataa kunyamaza, Baba alinichukua. Salgaa ilinuka breki zilizochemka na nyama ya kuchoma. Malori yalikuwa yamejipanga pembeni mwa barabara, madereva wakila wamesimama. Nyuma ya hoteli moja kulikuwa na pikapu tatu.

Ya kwanza ilikuwa inang'aa, ukubwa sawa na yetu. Baba aliipita bila kusimama. Ya pili ilikuwa jitu, refu kama basi dogo, na Anko Njoro aliipenda papo hapo.

"Hii itavuta boti na kanisa pamoja," akasema. "Inabeba magunia ngapi hii, boss?"

Muuzaji akaanza kuhesabu. Baba akamkatiza.

"Hiyo haiwezi kugeuka kule mtaani kwetu. Na petroli yake itatumaliza. Hii ingine, ikiwa tupu iko na uzito gani?"

Ya tatu ilikuwa kuukuu, ya dizeli, imebonyea upande mmoja ilipogongwa. Muuzaji alicheka. "Mzee, watu wote wanauliza inabeba nini."

"Sitaki kujua inabeba nini," Baba akasema. "Nataka gari ambayo boti haiwezi kuivuta."

Akavua koti, akalala chini kwenye vumbi, akaingia chini ya lile gari. Aligonga chesisi kwa ufunguo akisikiliza kama alivyosikiliza vyuma vyake. Akauliza breki za nyuma ni za aina gani, kama magurudumu yote manne yanavuta, kama ile ndoano ya nyuma imechomelewa au imefungwa kwa bolti. Alitoka akiwa mwekundu wa vumbi, akalizunguka tena, akasukuma bodi kwa bega. Halikutikisika hata kidogo. Nikaona uso wake ukilegea, na nikajua amechagua.

Wakati wanaongea bei, nilipanda nyuma. Nikakaa upande wangu wa kulia, juu ya gurudumu, nikashika bodi kwa mikono miwili. Nilitaka anione.

Aliniona. Alinitazama muda mrefu.

"Shuka, Shiro," akasema. Kisha akamgeukia Anko Njoro. "Hii haihitaji mtu nyuma."

Nimeyabeba maneno hayo manne tangu siku ile. Nimemaliza shule nayo, nimeolewa nayo, na yamenichosha. Huwezi kumweleza mtu yeyote kwa nini yanakuuma, maana ni maneno ya kawaida kabisa ya mtu anayenunua gari.

Gari lile kuukuu lilifanya kazi yake. Liliitoa boti majini bila kelele, mvua au jua. Baba alikuwa amechagua sawa, na watu wa Bondeni wakaanza kumpeleka Salgaa awachagulie magari. Mimi nilikaa sokoni nikichagua viazi. Jumamosi jioni Baba alirudi na samaki wawili watatu kwenye karatasi, akaketi, akaanza, "Leo kulikuwa na mzungu mmoja..." Nikainuka kwenda kupara samaki. Baada ya muda akaacha kuanza. Tuliendelea kuishi vizuri kama watu wa nyumba moja, tukisalimiana, tukiulizana kama mtu amekula. Sikuwa binti mbaya wala yeye hakuwa baba mbaya. Ila stori ziliisha, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye aliyezimaliza.

Alipougua, pikapu ya Salgaa iliuzwa kwa ajili ya hospitali. Boti kubwa ikabaki Naivasha kwa Mzee Otieno, aliyekubali kuilinda usiku na mchana, na Baba aliiulizia kitandani kuliko alivyojiulizia yeye mwenyewe. Kamau alirudi kutoka Doha kwa mazishi na akaondoka tena. Mama amechoka kuliko mimi. Kwa hiyo nilienda peke yangu kuikabidhi boti.

Mnunuzi alikuwa kijana mwenye haraka, na pikapu aliyokuja nayo ilikuwa ndogo, kama nilivyojua. Nilikuwa sina nguvu ya kumgombeza. Mzee Otieno alitoka kwenye kivuli cha kibanda chake, amezeeka, jicho moja limefunga ukungu, akanishika mikono yote miwili akaniambia pole. Tukasimama tukatazama kijana akirudisha gari nyuma, akafunga boti, akapiga gia. Magurudumu yakazunguka. Ile harufu ikatoka, na mikono yangu ikatafuta mahali pa kushika.

"Simamisha! Simamisha!" Mzee Otieno alimwita. "Utachoma klachi bure. Nyuma ni nyepesi. Weka mchanga."

Vijana wa bichi wakaleta magunia matupu. Mchanga ulikuwa pale pale miguuni mwetu, kando ya mteremko, umejaa kutoka kwenye kibanda hadi majini. Walichota kwa makoleo, wakajaza, wakapandisha, na kabla sijamaliza kufikiri kulikuwa na magunia yamepangwa juu ya magurudumu, kulia na kushoto.

Nilitazama magunia yale. Nikatazama mchanga.

"Mzee," nikasema, "huu mchanga ulikuwa hapa tangu zamani?"

"Ziwa ni mchanga, mwanangu. Utatoka wapi tena?"

"Na Baba hakuutumia?"

Mzee Otieno akacheka hadi akakohoa.

"Babako? Nilimwambia kila Jumamosi. Baba Shiro, toa hao watoto, weka gunia mbili za mchanga, ni bure. Akaniambia, Otieno, nikiweka mchanga, mama yao atawaweka soko kuchagua waru. Nitamwambia nini?" Alifuta jicho lake zima. "Na akaniambia mchanga haipigi stori mpaka Naivasha. Wewe ndio ulikuwa unaongea sana, ama ni yule mwingine?"

"Ni mimi," nikasema.

"Alipokuja mara ya kwanza na ile gari nzito alikuwa peke yake. Nikamwambia sasa umepona, hiyo ni gari. Akasema ndio, sasa sina la kumwambia mama yao."

Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza na maji yakapiga trela. Kijana akawasha gari, akatoa kichwa dirishani. Nami nikashika bodi, nikaweka mguu juu ya gurudumu, nikapanda kwa shida kama mwanamke mwenye magoti ya umri wangu, nikasogeza gunia moja, nikakaa upande wa kulia.

"Madam," kijana akaniita, "mchanga imetosha."

"Najua," nikamwambia.

Nikashika bodi kwa mikono miwili. Akangoja, hakujua anangoja nini, na mimi nikamwambia: "Tayari."